Mgongo Haukulia: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Cherehani na Dhana Potofu Kuhusu Kairopraktiki

Kuhusu kisa hiki

Mwandishi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika kliniki ndogo ya mgongo na viungo, katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako hufanya kazi chumba kwa chumba na tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma kwa mikono pingili, ile mifupa midogo inayounda mgongo. Mgonjwa anayezungumziwa, ambaye tutamwita Bi. S., ametupa idhini ya kukieleza kisa chake. Umri wake, majira kamili na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake tumeyabadilisha. Kazi yake tumeiacha ilivyo, kwa ruhusa yake, kwa sababu bila cherehani kisa hiki hakieleweki.

Hatukukichagua kwa kuwa kilituletea sifa. Sehemu kubwa ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yetu wenyewe.

Usuli wa mgonjwa

Bi. S. alikuwa na umri wa miaka 40 na kitu, mama wa watoto watatu, fundi wa madera na sare za shule. Maumivu yalianza siku alipohamisha cherehani yake ya miguu kutoka chumba cha uani hadi barazani, na kwa hiyo kila aliyemuuliza chanzo alipata jibu lililokamilika: aliinua chuma kizito, mgongo ukateguka. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta maelezo mengine, naye mwenyewe hakuyatafuta.

Waliomzunguka walikuwa na misimamo yao. Kaka yake, aliyefanya kazi Dubai kwa miaka kadhaa na kuwahi kutibiwa huko kwa kairopraktiki, aliamini kwamba dawa ya mgongo ni kuualisha tu, na kwamba mlio ukisikika basi mfupa umerudi mahali pake. Alikuwa akisimulia pia kwamba shinikizo lake la damu lilishuka baada ya matibabu hayo. Mumewe, kinyume chake, alikuwa amesikia mara nyingi kwamba watu hao huvunja shingo na kupoozesha, na hakutaka mkewe aguswe. Mama mkwe alimtuma kwa bibi mkandaji wa mtaa wa pili.

Usuli wa tiba yenyewe

Kairopraktiki ilianzia Davenport, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895, pale D. D. Palmer aliposhika mgongo wa Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa na tatizo la kusikia, kisha akadai kwamba kusikia kwake kumerudi. Kutokana na tukio hilo Palmer alijenga nadharia kwamba pingili zilizokaa upande huzuia mishipa ya fahamu na kuleta karibu maradhi yote. Nadharia hiyo ndiyo mzizi wa mengi yanayoaminika hadi leo, ingawa taaluma yenyewe imegawanyika juu yake: mwaka 2010 baraza linalosimamia matabibu hao nchini Uingereza, General Chiropractic Council, lilitamka kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria na kwamba hakuna utafiti wa kitabibu unaoonyesha kuwa ni chanzo cha magonjwa.

Kinachobaki baada ya kuondoa nadharia hiyo ni kidogo, lakini ni cha kweli. Mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari nchini Marekani, wa mwaka 2017 unaitaja tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa njia zisizo za dawa zinazoweza kuanzwa nazo kwa maumivu ya kiuno, pamoja na mazoezi, joto na kukanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno nao unaipa nafasi. Faida yake ni ya wastani, na haiyazidi mazoezi kwa namna ambayo ningeweza kuitetea mbele ya mgonjwa. Kuhusu elimu, shirika hilo hilo mwaka 2005 lilipendekeza masomo ya saa zisizopungua 4,200 kwa miaka 4, na Afrika Kusini taaluma hii inasomwa chuo kikuu, Durban na Johannesburg. Anayedhani kwamba tabibu wa kairopraktiki ni mchuaji aliyevaa koti jeupe amekosea, kama anavyokosea anayemwona kijana wa gimu, yaani ukumbi wa mazoezi, akiwakunja watu kwenye video akadhani ndiye tabibu.

Mtiririko wa matukio

*Wiki ya 1 hadi ya 4.* Bi. S. alitumia diklofenaki, dawa ya maumivu, kutoka duka la dawa na kukandwa mara mbili kwa mafuta ya nazi. Mara ya pili bibi mkandaji alisita katikati, akafuta mikono, akamwambia: "Mwanangu, mgongo wa kukandwa huuma ukishikwa. Wako unauma hata ukiachwa. Nenda hospitali." Maneno haya hatukuyasikia mpaka wiki ya 9, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeuliza mkandaji alisema nini.

*Wiki ya 5.* Katika zahanati alipigwa picha ya eksirei ya kiuno. Majibu yalisema kwamba kuna mabadiliko ya umri katika pingili za chini. Alipewa dawa nyingine za maumivu, na akaonywa asithubutu kwenda "kwa hao wanaovunja migongo" kwa kuwa atapooza.

*Wiki ya 7.* Kaka yake alimleta kwetu, akalipia mapema vipindi 12. Bi. S. alijaza fomu ya maswali akiwa amekaa kwenye benchi la mapokezi. Penye swali la kupungua uzito alitia alama ya hapana. Penye homa, hapana. Penye jasho la usiku, hapana pia. Tabibu alimpima nguvu na hisia za miguu, akakuta ziko sawa. Alimwonyesha mgongo wa plastiki uliopo mezani, akamwekea kidole kwenye pingili ya chini, akasema, kwa nia njema kabisa, "Hapa pamekaa vibaya kidogo." Kisha alimlaza ubavu na kumsukuma kiuno. Mgongo ulitoa mlio. Bi. S. alicheka kwa furaha, na kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi.

Siku 3 zilizofuata alilala vizuri.

*Wiki ya 8.* Kipindi cha pili. Nafuu ilidumu siku 1.

*Wiki ya 9.* Kipindi cha tatu hakikufanyika. Bi. S. aliingia akitembea kwa hatua fupi, mgongo ameunyoosha kama aliyebeba ndoo kichwani. Alipogeuka kupanda kitandani tabibu aliona ubavuni mwa dera lake mishono miwili ya kubana, mmoja ndani ya mwingine, wa ndani ukiwa na uzi mpya. Alimuuliza nani amelibana dera hilo. Akajibu kwamba ni yeye mwenyewe: mara ya kwanza kabla ya Ramadhani, mara ya pili mwezi uliopita, "maana lilikuwa linanivuka mabegani." Tabibu akamwomba apande mizani. Uzito ulikuwa kilo 58. Kadi yake ya kliniki ya miezi 8 nyuma, ambayo kwa bahati alikuwa nayo mkobani, ilionyesha kilo 66.

Kuanzia hapo maswali yaliulizwa upya, kwa mdomo na bila haraka. Usiku alikuwa akiamka kubadilisha kanga iliyolowa, lakini ilikuwa msimu wa kaskazi, na nani halowi jasho pwani wakati wa kaskazi? Maumivu yalikuwa makali zaidi usiku kuliko akiwa kwenye cherehani. Mama mkwe, anayelala chumba cha pili, aliwahi kutibiwa kifua kikuu miaka mitatu nyuma. Tabibu alipogonga uti wa mgongo taratibu kwa ubavu wa ngumi, pingili moja baada ya nyingine, Bi. S. aliruka alipofika pale mbavu zinapoishia, sehemu ambayo siku zote mbili za mwanzo hakuna aliyeigusa kwa makusudi.

Uamuzi uliofanyika, na sababu zake

Tabibu aliamua mambo matatu papo hapo. La kwanza, asimguse tena mgongo huo kwa nguvu yoyote, kwa kuwa pingili iliyoliwa na ugonjwa inaweza kubonyea ikisukumwa na kuukandamiza uti, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mgongo. La pili, aandike barua ya rufaa yenye ombi la vipimo vya damu, picha ya kifua na MRI (picha ya kina inayopigwa kwa sumaku) ya mgongo mzima, badala ya kiuno peke yake. La tatu, amweleze Bi. S. dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja zamu: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri na makalioni, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo.

Kaka hakuridhika. "Daktari, mbona hujamfanya kitu leo? Hata mgongo haujalia," alisema, na akadai fedha yake. Alirudishiwa malipo ya vipindi 10 ambavyo havikutumika. Tabibu alijaribu kumweleza kwamba uchunguzi ule ndio uliokuwa kazi ya siku hiyo, lakini naamini maelezo yalikuwa mafupi mno kwa mtu aliyekwishaambiwa, humu humu ndani, kwamba kuna mahali pamekaa vibaya.

Siku 8 zilipita familia ikitafuta fedha za MRI. Katika siku hizo kaka alipanga kumpeleka dada yake kwa kijana anayealisha migongo katika gimu moja ya mjini. Mume alikataa. "Shemeji, huyu ni mke wangu. Akipooza nitakayemlea ni mimi." Mwishowe fedha zilizorudishwa na kliniki ndizo zilizolipia sehemu ya kipimo.

Matokeo

MRI ilionyesha pingili ya mwisho ya kifuani na ya kwanza ya kiunoni zimeliwa pamoja na diski, ule mto laini ulio kati yao, na usaha umekusanyika kando ya misuli. Uti wenyewe ulikuwa haujakandamizwa. Sampuli iliyochukuliwa kwa sindano ilipimwa kwa GeneXpert, kipimo cha maabara cha kutambua vinasaba vya kifua kikuu, ikathibitisha ugonjwa huo, tena usio sugu kwa rifampisini, moja ya dawa zake kuu. Picha ya mapafu ilikuwa safi.

Alianzishiwa dawa, ambazo hutolewa bila malipo, kwa muda wa miezi 12: miwili ya dawa nne, na kumi ya dawa mbili. Hakufanyiwa upasuaji, bali alivaa mkanda wa kushikilia mgongo kwa miezi kadhaa. Watu wa nyumbani walipimwa. Mwezi wa 3 alikuwa akilala usiku kucha. Mwezi wa 6 alirudi kushona nusu siku. Amebaki na kinundu kidogo mgongoni ambacho yeye hukificha kwa mkato wa nguo, na ukakamavu wa asubuhi anaoufanyia mazoezi pamoja nami.

Uchambuzi

Kosa la kwanza kutajwa ni la fomu, maana ndilo lililo jepesi kurekebisha. Bi. S. hakudanganya. Mtu anayepungua polepole huona nguo zinalegea, na fundi huzibana. Swali la uzito linamkuta mtu asiye na mizani. Jasho alikuwa nalo, ila lilikuwa na maelezo ya msimu. Na jina la ugonjwa lenyewe halikusaidia, kwani anayesikia "kifua kikuu" hutazamia kikohozi, hatazamii kiuno. Ilhali kifua kikuu cha mifupa hupenda mgongo kuliko mfupa mwingine wowote, na Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alikwisha kukieleza kibyongo chake na kupooza kwake tangu 1779.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni kuamini nafuu. Kusukuma kiungo huweza kutuliza maumivu kwa saa au siku kadhaa, inavyodhaniwa kwa sababu hubadilisha namna mishipa ya fahamu inavyopokea na kupeleka taarifa, na huweza kufanya hivyo hata pale ambapo chanzo cha maumivu kiko mbali na pale paliposukumwa. Siku 3 za usingizi zilituthibitishia sote kwamba tuko njiani, mgonjwa, kaka na sisi. Nafuu ilipopungua kutoka siku 3 hadi 1, tulipaswa kusimama wiki ya 8. Tuliendelea kwa kuwa kulikuwa na vipindi 10 vilivyokwisha kulipiwa, na sioni haja ya kulisema hili kwa lugha laini. Maumivu mengi ya kawaida ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache, kwa matibabu au bila matibabu. Anayehitaji vipindi 12 hawezi kujulikana siku ya kwanza. Imani kwamba ukianza kairopraktiki huachi tena haitokani na mwili. Hakuna kiungo kinachozoea kualishwa kiasi cha kushindwa kuishi bila hivyo. Imani hiyo imelelewa na malipo ya mkupuo.

Kuhusu mlio, Kiswahili chetu kimekuwa na neno lake tangu zamani: vidole hualika, yaani hutoa mlio, na mtu huvialisha. Kinachoalika ni kiungo chenye majimaji, si mfupa unaorudi mahali. Mwaka 2015 watafiti wa University of Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI na kuona uwazi wa gesi ukitokea ndani ya majimaji ya kiungo wakati ule ule wa mlio. Wataalamu wengine wamebishana nao baadaye kuhusu kama sauti ni ya kiputo kutokea au kupasuka, lakini hakuna upande unaosema ni mfupa. Ndiyo maana kiungo kilichokwisha kualika hakialiki tena mpaka zipite kama dakika 20: gesi inahitaji muda kuyeyuka. Pingili iliyoteguka ghafla kwa ajali kwa kawaida haitembei na mtu mpaka kliniki. Hupelekwa chumba cha dharura kwa machela.

Kwa hiyo sentensi "hapa pamekaa vibaya kidogo" ilikuwa na madhara kuliko msukumo wenyewe. Ilimpa mgonjwa picha ya tofali lililochomoka ukutani, na mbele ya picha hiyo kila kinachofuata ni suala la kulirudisha. Tabibu wetu haamini nadharia ya Palmer, nimemsikia akiicheka. Hata hivyo lugha yake ya kazi ilikuwa bado ya mwaka 1895, na siku alipokataa kusukuma, maneno yake mwenyewe yalisimama upande wa kaka.

Picha ya eksirei ya zahanati ilipotosha kwa namna nyingine. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta diski zilizochakaa katika 37% ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na 96% ya wale wa miaka 80. Kumwambia mtu mwenye umri wa Bi. S. kwamba ana mabadiliko ya umri ni sawa na kumwambia ana mvi. Majibu hayo hayakuwa ya uongo, lakini yalifunga mlango, maana pingili zilizougua zilikuwa ukingoni mwa picha na hakuna aliyezitazama.

Imebaki hofu ya mume, ambayo ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi katika kisa hiki. Aliyoyaamini kuhusu kupooza hayakuwa sahihi kwa jumla. Madhara makubwa ya kusukuma kiuno ni nadra sana. Kwa upande wa shingo, tatizo linalohofiwa ni kuchanika kwa mshipa wa damu na kiharusi. Utafiti uliofanyika Ontario na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wagonjwa wa kiharusi cha aina hiyo walikuwa wametembelea kairopraktiki, na walikuwa wametembelea madaktari wa kawaida kwa kiwango kinachokaribiana, jambo linaloonyesha kwamba huenda wengi walikwenda kutafuta tiba ya shingo iliyokwisha kuanza kuchanika. Hilo haliondoi wajibu wa tabibu kumwuliza mgonjwa kuhusu maumivu mapya ya ghafla ya shingo, kizunguzungu au kuona mawili mawili kabla ya kumgusa. Lakini haliungi mkono kauli ya zahanati kwamba anayekwenda huko atapooza.

Na bado, katika nyumba hii, kauli isiyo sahihi ndiyo iliyozuia safari ya gimu, ambako mgongo wenye pingili mbili zilizoliwa ungekunjwa na mtu asiyejua kugonga wala kuuliza. Mume na kaka walikuwa na picha moja ya mgongo vichwani mwao, ile ya tofali. Mmoja aliogopa litavunjika, mwingine alitaka lirudishwe. Aliyekuwa na picha tofauti ni bibi mkandaji, ambaye hakuwa na nadharia yoyote, ila alikuwa na mikono ya miaka mingi na akajua tofauti kati ya maumivu yanayoitika yakishikwa na yale yanayokwenda na saa zake yenyewe. Alifanya rufaa ya kwanza ya kisa hiki, wiki 5 kabla yetu, na hatukuipokea.

Kilichofanya kazi ni jicho kwenye mshono, kugonga mgongo wote badala ya sehemu inayolalamikiwa, kukataa kusukuma mbele ya ndugu aliyelipa, na kurudisha fedha bila ubishi. Madai ya shinikizo la damu hatukuyajibu siku ile, na tulipaswa: kairopraktiki si tiba ya shinikizo, wala ya pumu, wala ya kisukari, na kaka anaendelea, kwa anavyosema dada yake, kuruka dozi zake.

Mabadiliko yaliyofanyika kliniki

Malipo ya vipindi kwa mkupuo yameondolewa. Mgonjwa asiyepata nafuu inayozidi kukua baada ya vipindi viwili huchunguzwa upya kutoka mwanzo, na mtaalamu mwingine. Mgongo wa plastiki umehamishiwa kwenye kabati na hutolewa tu mtu akiuliza. Kwenye fomu, swali la uzito limebadilishwa, na sasa huulizwa kwa mdomo na dada wa mapokezi: "Je, kuna nguo yako iliyokulegea mwaka huu, na umeibana?" Kwa wanaume huuliza tundu la mkanda.

Bi. S. alipomaliza dozi alikuja kutuletea pazia alilotushonea la chumba cha uchunguzi, akauliza kama sasa anaweza kualishwa mgongo, kwa sababu zile siku 3 hakuzisahau. Tabibu alimwambia hapana, si sehemu ile, kisha akakaa naye nusu saa kumweleza kwa nini.